Kidonge Kidogo, Kazi Kubwa

(Mazungumzo haya yalitolewa na mama mmoja mkulima, mhitimu wa kisomo cha watu wazima, mbele ya wanakisomo wenzake katika kijiji kimoja cha wilaya ya Makete. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)



Leo nimeombwa nizungumze juu ya afya. Mimi si daktari. Mimi ni mkulima wa viazi na ngano kama ninyi. Lakini shingo yangu imenifundisha mambo, na nimeona si vizuri nikae nayo peke yangu.

Kwanza niwaambie kwa nini nimekubali kusimama hapa. Majuma mawili yaliyopita nilikwenda kumwangalia mdogo wangu mmoja. Si wa tumbo moja, ni jirani, lakini namwita mdogo wangu. Mwaka jana alipasuliwa shingo, akatolewa tezi lote. Nilimkuta amejifunika blanketi saa sita mchana, na nje jua linawaka. Uso umemvimba, sauti imekuwa nzito. Nikamwuliza, "Vidonge unakunywa?" Akanyamaza. Halafu akainuka, akafungua debe la mahindi, akatoa pakiti tatu ambazo hazijaguswa. Akaniambia, "Dada, nimeviacha. Vinaninenepesha."

Jina lake silitaji. Na haya ninayoyasema amenipa ruhusa niyaseme. Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi, maana mimi nami niliwahi kupotea kwenye njia hiyo hiyo. Nilipotea mara mbili, kwa makosa mawili tofauti. Yote mawili nitawaeleza leo.

TEZI LA SHINGO NI KITU GANI?

Hapa mbele ya shingo, chini ya koromeo, kila mtu ana tezi. Umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Kazi yake ni kutengeneza kemikali ya aina fulani, ambayo madaktari huiita homoni, na kuiingiza katika damu.

Homoni hiyo hufanya kazi gani? Fikirini jiko la mkaa. Jiko lina kimlango cha kupitisha hewa. Ukikifungua sana, moto huwaka kwa nguvu na mkaa huisha upesi. Ukikibana, moto hufifia, na mkaa hukaa tu bila kuungua. Sasa mwili wetu ndio jiko, chakula ndicho mkaa, na tezi ndilo linaloshika kimlango.

Homoni ikipungua, moto hufifia. Mtu huona baridi, huchoka, husinzia, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, na huanza kusahau. Maji na chumvi hubaki mwilini na uzito huongezeka. Homoni ikizidi, moto huwaka kupita kiasi. Mtu hukonda, hutetemeka mikono, hutoka jasho, huenda akaharisha, na moyo hupiga mbio hata akiwa amekaa.

Huku kwetu milimani tezi likivimba tunaita rovu. Wengine huita goita. Tezi hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto. Mvua za miaka mingi zimeyaosha madini hayo kutoka katika udongo wa milima, kwa hiyo mazao yetu hayana ya kutosha. Tezi likikosa madini joto hujitahidi, hujitahidi, mpaka linavimba. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 wilaya zenye marovu mengi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Na ndiyo sababu katika miaka ya 1990 Serikali iliagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo.

Mimi nilizaliwa kabla ya mambo hayo. Rovu langu lilianza nikiwa msichana. Nililificha kwa kanga miaka na miaka. Mwishowe likawa linabana koo. Nikimeza ugali, unakwama. Nikilala chali, pumzi haipiti. Mwaka 2014 nikapasuliwa, tezi likatolewa lote.

KOSA LANGU LA KWANZA

Siku ya kuondoka hospitali daktari alinipa vidonge. Akaniambia, "Mama, tezi halipo tena. Kidonge hiki ndicho tezi lako. Utakinywa kila siku mpaka mwisho wa maisha yako." Dawa hiyo inaitwa levothairoksini. Nilipewa vidonge vya mikrogramu 100, kimoja kwa siku. Uzito wangu ulikuwa kilo 58. Mwaka uliofuata ulikuwa kilo 61. Nilikuwa nalima, nakula, nalala vizuri.

Mwaka 2016 vidonge vyangu vilikwisha, nikaenda kununua duka la dawa. Nikapewa pakiti. Jina la dawa lilikuwa lile lile. Nikalipa nikaondoka. Nikawa nakunywa kimoja kila asubuhi, kama kawaida.

Miezi ikapita. Nikaanza kuona baridi, nikasema ni majira. Nikachoka, nikasema ni kazi. Nguo zikanibana. Watu njiani wakanisifu, "Mama siku hizi umenawiri! Baba anakutunza!" Nami nikacheka nao. Wengine wakasema nimerogwa. Nilipopanda mizani ya zahanati nikaona kilo 69.

Basi nikaanza kujinyima. Asubuhi chai kavu, mchana sahani moja ndogo, usiku nalala na njaa. Uzito haukushuka, jamani! Nguvu ndizo zilishuka. Shambani nikawa nakaa chini kila baada ya mistari miwili.

Siku moja nilikuwa nafanya zoezi la kusoma na mjukuu wangu. Alikosa kitabu, akachukua pakiti ya dawa, akaanza kusoma namba kwa sauti: "Hamsini." Nikamwambia, "Soma vizuri, ni mia moja." Akasema, "Bibi, ni tano na sifuri. Hamsini." Nikaichukua nikaisoma mwenyewe. Kweli, hamsini.

Muda wote huo nilikuwa nakunywa nusu ya dawa yangu. Mimi niliyekwenda darasani jioni kwa jioni, nikajifunza kusoma na kuandika, nilikuwa sijasoma pakiti niliyoishika mkononi kila asubuhi! Namlaumu nani? Muuzaji alipaswa kunieleza. Lakini macho yalikuwa yangu.

Nilirudi hospitali. Nikapimwa damu kwa kipimo kinachoitwa TSH. Daktari alinieleza hivi. Ubongo hutoa homoni yake ya kuliita tezi, kama mama anavyomwita mtoto. Mtoto akiitika upesi, mama huita kwa sauti ya chini. Asipoitika, mama hupaza sauti. TSH ndiyo sauti hiyo. Ikiwa juu sana, maana yake dawa haitoshi. Ikiwa chini sana, mara nyingi dawa imezidi. Kwangu mama alikuwa anapiga kelele.

Nikarudishiwa vidonge vya 100. Baada ya miezi miwili baridi iliondoka, uso ukapungua, na uzito ukawa kilo 65. Daktari akasema zile kilo nne zilizotoka sehemu kubwa ilikuwa maji na chumvi. Kilo nyingine zilikuwa za kukaa sana na kula. Hizo haziondoki kwa kidonge.

KOSA LANGU LA PILI

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Nilijiambia, "Kumbe kidonge ndicho kinachoyeyusha unene! Kimoja kimenitoa kilo nne. Viwili si vitanirudisha usichana?" Sikumwuliza mtu. Nikaanza kunywa viwili.

Kweli, uzito ulishuka kilo tatu. Lakini usingizi ulikimbia. Mikono ikatetemeka hata nikamwaga chai mbele ya wageni. Moyo ukawa unapiga ovyo, mara mbio, mara unaruka. Usiku mmoja nilishindwa kupumua vizuri, mume wangu akatafuta pikipiki, nikapelekwa hospitali gizani. Daktari aliponiuliza, nilisema kweli. Akaniambia dawa hii ikizidi huharibu mwendo wa moyo, na kwa sisi akina mama wa makamo hudhoofisha na mifupa. Mtu anaweza kufa kwa kutafuta wembamba.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kidonge hiki si cha kunenepesha wala si cha kukondesha. Kazi yake ni kushika kimlango cha jiko pale panapostahili. Kikipungua ni hatari, kikizidi ni hatari.

ELIMU HII ILIPATIKANAJE?

Si sisi tu tulioteseka. Uswisi ni nchi ya milima mirefu, na zamani ilikuwa na marovu mengi kama kwetu. Katika mji wa Bern alikuwako daktari hodari wa kupasua marovu, Theodor Kocher. Mwaka 1883 aliwaeleza madaktari wenzake jambo la kusikitisha. Wengi wa wagonjwa aliowatoa tezi lote walikuwa wamevimba, wamepungukiwa na nguvu na akili, na wanaona baridi. Kabla ya hapo kazi ya tezi ilikuwa haijaeleweka vizuri. Daktari yule hakuficha matokeo ya kazi yake, na watu wakajifunza. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1891 huko Uingereza, daktari George Murray alimtibu mama mmoja wa miaka 46 ambaye tezi lake lilikuwa limekufa. Alimpa dawa iliyotengenezwa kwa tezi la kondoo. Mama yule akapona uvimbe, akaendelea na dawa, akaishi miaka 28 zaidi. Alikufa mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Siku hizi dawa hutengenezwa kiwandani, na kidonge kimoja kidogo hutosha kwa siku.

NAMNA YA KUNYWA DAWA

Nimejifunza hivi, nanyi mwafundishe wenzenu:

1. Kunywa kidonge kila siku kwa maji matupu, asubuhi kabla ya kula. Kisha ngoja nusu saa mpaka saa moja ndipo unywe chai. Kahawa na maziwa huzuia dawa kuingia vizuri katika damu.

2. Vidonge vya kuongeza damu, vya kuimarisha mifupa na vya kiungulia visinywewe pamoja na dawa hii. Viachane kwa muda wa saa nne.

3. Soma jina, soma namba, soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Namba ikiwa tofauti na ile ya cheti chako, uliza kabla ya kulipa.

4. Ukisahau asubuhi, kunywa utakapokumbuka siku ile ile. Usirundike vya siku nyingi.

5. Dozi ikibadilishwa, rudi kupimwa damu baada ya wiki sita mpaka nane. Dozi ikishatulia, pima walau mara moja kwa mwaka.

6. Ukishika mimba, nenda hospitali upesi. Mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa, na mtoto tumboni anaitegemea homoni ya mama.

7. Ukiona ganzi au vidole na midomo inachomachoma kama sindano, au misuli inakaza, usingoje. Nyuma ya tezi kuna vijitezi vinne vinavyotunza madini ya mifupa katika damu. Vikiguswa katika upasuaji, mtu huhitaji dawa nyingine.

Kuna jambo moja linalotudanganya. Dawa hii hutoka mwilini polepole. Ukiiacha leo, baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado imo. Kwa hiyo kesho huoni kitu, keshokutwa huoni kitu. Unasema, "Mbona niko mzima?" Mdogo wangu naye alisema hivyo. Baridi ilimjia baadaye, wala hakujua imetoka wapi.

NA UZITO JE?

Dozi ikiwa sawa, mwili wako ni mwili kama wa mwingine. Uzito unatawaliwa kwa sahani na kwa miguu. Nilifanya hivi.

Kwanza sukari. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vinne. Hesabuni pamoja nami: tatu mara nne, kumi na mbili. Kijiko kina kama gramu 4. Kwa siku ni gramu 48. Kwa mwezi karibu kilo moja na nusu ya sukari, peke yangu! Sasa natia kijiko kimoja kwa kikombe. Mwezi wa kwanza niliona chai haina ladha. Sasa nikipewa ya vijiko vinne siwezi kuimaliza.

Pili sahani. Nusu yake mboga za majani. Robo ugali au viazi. Robo nyingine maharage, njegere, samaki au nyama ikipatikana. Viazi nachemsha, sikaangi kila siku. Mafuta napima kwa kijiko, simimini kutoka chupani. Ulanzi ukifika msimu wake, naonja, sikai nao mpaka jioni. Lakini silali na njaa tena. Mkulima hawezi kushika jembe kwa njaa.

Tatu mwendo. Wiki za kwanza baada ya upasuaji usibebe ndoo kichwani wala mzigo wa kuni mpaka daktari akuruhusu. Kutembea taratibu unaweza. Kidonda kikishapona, tembea kwa miguu iliyochangamka, nusu saa kila siku. Msiniambie, "Sisi tunalima, inatosha." Msimu wa kilimo ni kweli inatosha. Baada ya mavuno je? Tunakaa tunaota moto.

Nne mizani. Napima mara moja kwa wiki, Jumatatu asubuhi, na kuandika katika daftari. Asiye na mizani karibu atumie uzi: azungushe kiunoni, afunge fundo. Mwezi ujao apime tena, aone fundo limesogea upande gani. Na ukiona uzito unapanda upesi pamoja na baridi na uchovu, usikimbilie kujinyima. Kapime damu kwanza.

Leo nina kilo 62. Ilinichukua zaidi ya mwaka kushuka hapo. Haraka haraka haina baraka, nami nimelipa ili niijue methali hiyo.

Wengine huniuliza, "Je, chumvi ya madini joto si ingekutosha badala ya vidonge?" Hapana. Chumvi ni malighafi ya tezi, nami tezi sina. Lakini watoto na wajukuu wangu wanalo, kwa hiyo chumvi hiyo nyumbani haikosi. Inunueni yenye alama, ihifadhini katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu. Wengine husema, "Usile kabichi." Kabichi inaweza kusumbua tezi linalokosa madini joto. Kwa mtu ambaye tezi limetolewa lote, itasumbua kitu gani? Mimi naila.

Namalizia. Mdogo wangu yupo hapa, anajijua. Nilipomwonyesha daftari langu, aliangalia zile kilo 69, akaangalia mwaka, akauliza, "Dada, ni wewe huyu?" Nikamwambia ni mimi. Hakusema ndiyo wala hapana. Lakini jana alikuja akauliza gari la kwenda hospitali linaondoka saa ngapi. Nimemwambia linaondoka saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumatatu, na viti nimeshika viwili. Pakiti zake tatu tutazibeba, tuzisome pamoja njiani, na daktari atatuambia aanzie dozi gani. Asianze mwenyewe kwa kubahatisha, kama nilivyofanya mimi.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mama huyu alifanya makosa gani mawili? Kila kosa lilileta dalili gani?

2. Kwa nini mtu akiacha vidonge haoni tofauti siku ile ile?

3. Leteni pakiti yoyote ya dawa darasani. Someni jina, namba ya dozi na tarehe ya mwisho wa matumizi.

4. Nyumbani kwako mnatumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku? Piga hesabu ya mwezi mzima.